Foleni ya Kuzuhama

Mama aliniagiza kitu kimoja tu: mabua makavu ya katani. Fungu dogo la kuwashia moto mbele ya lango, jioni ile ya kwanza ya siku za Bon, marehemu wanaporudi nyumbani. Duka la Tokoura lililokuwa likiyauza lilifungwa tangu mwenyewe ahamie kwa binti yake, kwa hiyo ilibidi niyanunue mjini ninakoishi, karibu na kazini kwangu, kisha niyapakate kwenye treni njia nzima.

"Usichelewe, Shinpei," Mama alikuwa ameniambia asubuhi kwa simu. "Huu ni mwaka wa kwanza wa baba yako. Njia bado haijui. Giza likiingia moto haujawaka, atapita tu."

"Sitachelewa, Mama."

"Wewe na kutochelewa wapi na wapi."

Baba alifariki majira ya baridi, kitandani hospitalini, mapafu yakiwa yamechoka. Kama hukumjua, nikwambie neno moja: alikuwa mtu wa kupisha watu. Benki, alipisha. Mlangoni, alipisha. Kituoni alikuwa akisimama wa kwanza kwenye foleni, halafu treni ikifika anasogea pembeni na kunyoosha kiganja. "Tangulieni, tangulieni." Mara ngapi treni ilijaa ikamwacha hapo hapo, akarudi nyumbani amechelewa na anatabasamu. Majirani walimsifu kwa adabu. Sisi tuliokaa mezani tukitazama supu ikipoa hatukuona cha kusifu.

Mchana dada yangu Mitsuyo alinitumia picha ya farasi wa tango aliyemtengeneza kwa ajili ya meza ya sadaka za Baba. Tango lenye miguu minne ya vijiti, ndiye anayembeba marehemu kuja nyumbani mbio. Chini aliandika: "Farasi tayari. Ila unamjua Baba. Atampa mtu mwingine apande."

Nilicheka peke yangu. Sasa sicheki.

Treni ya Ushihama inapita kwenye reli moja, mlima upande huu, bahari upande ule. Treni mbili zikikutana, moja inasubiri kituoni mpaka nyingine ipite. Siku za kawaida husikii hata kama umesimama. Lakini siku ile, siku ambayo kila mtu wa pwani anarudi kwao, nguruwe pori akaamua kujipeleka mbele ya treni huko juu. Kila kitu kikasimama.

"Abiria wapendwa, tunaomba radhi kwa kuwachelewesha..." dereva akasema kwenye kipaza sauti. Treni zetu hazina kondakta. Dereva ndiye anayeendesha, ndiye anayeomba radhi.

Tukasogea kituo kimoja. Tukasimama tena.

"Tunaomba radhi sana..."

Mara ya kwanza nilimsamehe. Baadaye kila nikisikia kile kipaza sauti kikikwaruza, nilitamani kwenda mbele nikaendeshe mwenyewe. Jua lilikuwa limeshagusa maji. Mabua yangu yalikuwa yanapukutika mapajani. Na simu mfukoni ikaanza kutetemeka.

Mama.

Sikupokea. Hakuna anayezungumza kwa simu ndani ya treni yetu, ni afadhali uvue shati. Nikamwandikia Mitsuyo: "Nguruwe kagongwa. Mwambie Mama asinipigie, nimo kwenye treni." Simu ikatetemeka tena. Mama tena. Nikaizima mtetemo, nikaitia mfukoni, nikauma meno.

Tukaingia Kuzuhama.

Ni kituo kisicho na mfanyakazi hata mmoja, kibanda cha mabati na benchi, halafu ukuta wa kuzuia mawimbi, halafu maji. Tukasimama. Dereva akaomba radhi, akasema tutapisha treni ya kutoka Tokoura, muda hajui. Wakati wa joto milango yetu haifunguki yenyewe, ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke. Anayetaka kushuka anabonyeza kitufe cha ndani. Anayetaka kupanda anabonyeza cha nje. Hata watoto wa chekechea wanajua.

Nje ya mlango wangu alisimama mtu.

Alikuja lini, sikuona. Alikuwa amevaa koti refu la mvua, na mvua haikuwa imenyesha tangu juma lililopita. Mikono aliiweka nyuma. Uso ulikuwa karibu sana na kioo. Hakubonyeza kitu. Alisubiri tu.

Nikatazama wenzangu. Wasichana wawili wa shule walikuwa wameinamisha vichwa, macho magotini. Mzee mwenye fimbo ya kuvulia samaki alifumba macho. Mama mmoja aliyekuwa amekalia sanduku lake la barafu aligeukia dirisha la upande wa mlima, ambako hakukuwa na cha kutazama. Behewa zima, hakuna aliyeinua uso.

Nikakasirika. Hasira ya nguruwe, hasira ya dereva, hasira ya simu, zote zikapata pa kwenda. Mtu mzima amesimama nje kwenye joto, na hawa wanajifanya hawamwoni. Labda mikono yake ina maradhi. Labda ni mgeni wa treni zetu. Mtu akisimama nje na aliye ndani yuko karibu na kitufe, ni adabu tu kumbonyezea. Baba alitulea hivyo.

Nikanyoosha kidole.

"Acha," mama wa sanduku la barafu alinong'ona bila kugeuka.

Nilikuwa nimeshabonyeza.

Mlango ukalia kengele yake ndogo, ukafunguka. Likaingia joto, na nyuma ya joto likaja harufu... mwani uliooza, na udi. Udi wa zamani, ule unaobaki kwenye nguo za msiba. Dereva alikuwa katikati ya kuomba radhi. Akanyamaza, sentensi ikiwa nusu.

Mtu yule akaingia. Akaketi kando yangu, ingawa viti vilikuwa vingi.

Tone.

Tone.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye koti lake hadi kwenye kiatu changu. Nilisogeza mguu. Kidimbwi kikaufuata.

"Asante," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. "Wengine hawafungui."

"Si neno," nikajibu. "Unashukia wapi, mzee?"

Hakunitazama mimi. Alitazama mabua yangu.

"Unakoshukia wewe."

Simu yangu ikawaka mfukoni, mwanga ukapenya kitambaa. Mama, kwa mara nyingine. Mkono wangu ulianza kwenda wenyewe, kwa sababu kwa mara ya kwanza siku ile nilitaka sana kuisikia sauti yake.

"Usipokee," yule mtu akasema kwa upole. "Tumo ndani ya treni."

Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikautoa mkono mfukoni.

Treni ya kutoka Tokoura ikapita. Yetu ikaondoka. Nilikaa nikikodolea macho vidole vyangu mpaka Tokoura, na nilipoinuka kushuka, kiti cha kando kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimelowa chapachapa. Nikajiambia kwamba ameshuka vituo vya katikati na mimi sikuona kwa uchovu. Nikaliamini jambo hilo kwa sababu nilihitaji kuliamini, nikaanza kukimbia kupanda mtaa wa nyumbani, fungu la mabua kwapani. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana upande wa magharibi.

Mitsuyo alikuwa langoni, mikono kiunoni. Nyuma yake, chini ya paa, ilining'inia taa nyeupe ya karatasi, ile ya nyumba zenye marehemu wa mwaka wa kwanza.

"Ungekuja kesho kabisa," alisema.

"Nguruwe aligongwa."

"Na wewe ungegongwa naye. Lete hapa."

Tukayapanga mabua kwenye kigae. Mama akatoka na kiberiti, amevaa nguo yake ya msiba, akachuchumaa. Hakunisalimia. Alionekana ana neno, lakini giza lilikuwa linaingia na moto ulipaswa kutangulia. Akawasha.

Ukashika mara moja. Moshi ukapanda kidogo, halafu ukalala, ukaingia nyumbani kupitia mlango wa mbele.

"Karibu nyumbani, Baba Shinpei," Mama akasema, na sauti ikamkatika. "Umechoka na njia. Ingia, ingia."

Tuliinamisha vichwa. Nilikuwa nimefika kwa wakati, mabua yamewaka, Baba amepokewa. Kwa pumzi chache nilikuwa na furaha.

Halafu Mitsuyo akanishika mkono.

Kwenye jiwe la mlangoni, pale tunapovulia viatu, palikuwa na unyayo. Wa maji. Mwingine mbele yake. Mwingine kwenye mbao za ukumbini, nyayo zikielekea chumba cha meza ya Baba. Hakuna aliyekuwa amepita.

Mama aliziangalia nyayo zile muda mrefu.

"Baba yenu hakufa majini," alisema.

Moto ulikuwa unatafuna mabua ya mwisho.

"Shinpei. Treni ilisimama Kuzuhama?"

"Ilisimama, Mama."

"Ulimfungulia mtu?"

Nikatazama kiatu changu kilicholowa. Akanifahamu.

"Nimekupigia mara ngapi?" Alinong'ona, lakini heri angepiga kelele. "Mara ngapi, mwanangu?"

"Nilikuwa kwenye treni."

"Ndiyo maana nilikupigia."

"Sasa mbona hamkuwahi kuniambia?" Nilihisi hasira ikinipanda tena, na machozi nayo. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii ulikuwa unarudi kwa Bon? Ulikuwa unarudi lini?" Mitsuyo akaingilia. "Kila mtu wa reli hii anajua. Jioni ya moto, Kuzuhama, asiyebonyeza mwenyewe usimbonyezee. Aliye hai atabonyeza."

Mama akatueleza kwa maneno machache, akiwa bado amechuchumaa. Zamani, kabla ya reli, bahari ilikuwa inatupa watu kwenye mchanga ule. Mabaharia, wavuvi wa mbali, wengine hawana hata jina. Walizikwa pale ulipo ukuta wa mawimbi. Hawana wana, hawana wajukuu, hakuna lango linalowashwa moto kwa ajili yao. Jioni ile wanatafuta mtu anayekwenda nyumbani. Zaidi ya hapo hajui, alisema, na mama yake pia hakujua.

Mabua yakaisha. Kikabaki kirundo cha majivu mekundu, kikafifia.

Ndipo tukasikia kikohozi.

Kilitoka nje ya lango, gizani. Vikohozi viwili vifupi, na kimya katikati. Baba alikuwa akikohoa hivyo kila jioni kabla ya kuingia kwenye nyumba yake mwenyewe, asije akamshtua mtu.

"Baba Shinpei?" Mama akasimama, magoti yakamlia. "Ingia. Ni kwako. Ingia."

Nilisikia kokoto zikisagika hatua moja, mbele. Zikatulia. Huko ndani, chumbani kwa meza, mbao zikalia kama mtu anayejiweka sawa kwenye mto wa kukalia.

Kokoto zikasagika tena. Hatua moja, nyuma.

Halafu nyingine. Zikashuka mtaa polepole, bila haraka yoyote, zikielekea kituoni.

"Amempisha," Mitsuyo alisema. Sauti yake haikuwa ya hofu peke yake. "Hata nyumba yake. Hata leo. Amempisha mtu."

Nilikimbia hadi kona. Hapakuwa na mtu. Nikaita mpaka mbwa wa jirani wakaitika.

Kesho yake mtawa wa hekalu letu akaja kumsomea Baba sala. Aliingia chumbani, akaona mto ulivyolowa, farasi wa tango akiwa amelala ubavu na miguu imejaa mchanga. Alisoma haraka haraka. Chai hakunywa, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kukataa chai ya Mama.

"Huyu hafukuziki," aliniambia nje, akivaa viatu bila kuvifunga. "Aliitwa kwa moto, akakaribishwa kwa mdomo. Ila mwenye nyumba akirudi, mgeni atainuka. Hawawezi kukaa wote."

"Na mwenye nyumba atarudije? Moto umeshawaka."

Alitazama upande wa bahari.

"Kwa njia aliyopitia huyu," alisema, akaenda zake.

Jioni ya mwisho ya Bon tukawasha moto wa kuaga. Mama akamwambia mgeni kwa heshima zote kwamba amekula, amelala, sasa aende salama. Ng'ombe wa biringanya, yule wa kuwarudisha marehemu taratibu, alibaki pale pale mezani. Mto ulibaki umelowa. Usiku kucha nilisikia kupitia ukuta: tone... tone... Mama hakulala. Alikaa ukumbini, amekipa kisogo chumba alichokula na mumewe maisha yake yote.

Niliomba ruhusa kazini. Jioni iliyofuata nikapanda treni hadi kituo cha mbele ya Kuzuhama, nikavuka jukwaa, nikapanda ya kurudi. Nikakaa kando ya mlango. Mama wa sanduku la barafu alikuwemo. Aliponiona, alibeba sanduku lake akahamia behewa la nyuma.

Kuzuhama. Treni ikasimama.

Alikuwa nje ya mlango wangu.

Koti lake la kahawia, kofia yake, mashavu yaliyobonyea kama siku za mwisho hospitalini. Mikono ameiweka mbele, amesimama wima, wa kwanza kwenye foleni. Hakubonyeza. Aliniona. Aliniona kabisa, kwa sababu alitabasamu.

Nikabonyeza kwa kiganja kizima.

Kengele ikalia, mlango ukafunguka. "Baba," nikanong'ona. "Panda. Twende nyumbani. Mama anakusubiri."

Akainua mguu. Unyayo wake ulikuwa juu ya mpaka wa treni, nusu kidole. Halafu akageuza kichwa, akatazama nyuma yake.

Usifanye hivyo, nikasema moyoni. Baba, leo usifanye hivyo.

Akasogea pembeni. Akanyoosha kiganja.

"Tangulieni," alisema. "Tangulieni."

Sikuona mtu. Niliona sakafu. Unyayo wa maji mlangoni, kisha mwingine, kisha mdogo sana, wa mtoto. Harufu ya mwani na udi ikanijaa puani. Kiti cha mbele yangu kikabonyea. Cha pembeni yake kikabonyea. Nilinyoosha mkono nje kumshika Baba mkono wa koti, na mikono mingine mingi yenye baridi ikapita katikati yetu, ikinisukuma kwa adabu, kama watu wanaosema samahani.

Mlango ukafungwa. Baba alibaki jukwaani. Treni ilipoanza kwenda aliinama, kule kuinama kwake kwa mtu aliyeridhika.

Nyumba ya kwanza kulowa ilikuwa ya jirani zetu wa chini. Ikafuata nyumba ya mwenye duka la mkate. Watu wa Tokoura wanaanika magodoro kila siku na hawaelezani kwa nini. Mitsuyo ameniomba niache kwenda Kuzuhama kila jioni. Amepiga magoti kuniomba, na si mtu wa kupiga magoti. Anasema Baba hawezi kuwa mtu wa mwisho kwenye foleni ile, kwa sababu foleni ile haina mwisho.

Yeye hajawahi kumwona akitabasamu nje ya kile kioo. Jana Baba alikanyaga ndani kwa unyayo mzima kabla hajageuka. Foleni gani isiyopungua?

Haya nayaandika nikiwa kwenye treni. Viti vyote vimelowa isipokuwa changu. Dereva wa siku hizi haombi radhi tena, anaendesha kimya, hageuki nyuma. Kituo kinachofuata ni Kuzuhama.

Simu inatetemeka mfukoni. Ni Mama. Sipokei.

Nimo ndani ya treni.